Hatari haingoji ujue Kiingereza

Vijana wenzangu, tukisema "lugha zetu kwenye TV" watu wanafikiria ngoma na utamaduni. Mimi nasema ni usalama kwanza.

Tarehe 11 Juni 2019 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola imevuka kutoka Congo, na mgonjwa yuko hospitali ya Bwera. Nani alihitaji kuelewa haraka? Wauza samaki wa Mpondwe, watu wa boda, wakimbizi waliovuka jana. Hao wanaongea Lhukonzo, Kinande na Kiswahili. Mei 2020 mto Nyamwamba ukafurika, na corona ilikuwa imetufungia ndani. Hatari iko mlangoni, lakini taarifa kubwa ya TV ya taifa inasomwa kwa Kiingereza.

Wengine wanasema redio za Kasese zinatosha. Kweli zinasaidia sana. Lakini TV inakuonyesha daraja lililovunjika na namna ya kunawa. Na ukiona picha bila kuelewa maneno, unajazia mwenyewe. Uvumi unazaliwa hapo.

Wengine wanauliza: Uganda ina lugha nyingi, UBC itaziweza zote? Hatuombi kila kipindi. Tunaomba matangazo ya hatari, kwa lugha za eneo lenye hatari. Kiswahili chenyewe ni lugha rasmi ya pili kwenye Katiba tangu 2005. Tena TV ya dijitali inaweza kubeba picha moja na sauti zaidi ya moja; unachagua kwa rimoti. Ng'ambo ya mpaka, Radio Okapi iliyoanza 2002 inatangaza kwa Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Na kwenye vibanda vya video hapa Uganda, VJ mmoja na maiki yake anatafsiri filamu nzima ya Kichina, watu wanaelewa mpaka mwisho. Tangazo la dakika tatu linashinda nini?

Ndugu zetu wa mashirika, mkilipia tangazo la TV, ulizeni kwanza: litasikika kwa lugha gani? Kama jibu ni Kiingereza peke yake, msilipe bado. Tafuteni vijana wa Bwera na wa kambini wasome, na muwalipe kama mnavyomlipa msomaji wa Kampala. Mama mwenye mtoto mwenye homa asingoje jirani amtafsirie.