Kuvuja kwa Paa, Nafuu kwa Nani?

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Mimi niliwahi kupanga vyumba viwili Dar es Salaam, nikajifunza kwamba hata kuvuja kwa paa kuna mtu kunampa nafuu, naye si yule alalaye chini yake.

Mvua za masika zilipoanza, bati lililokuwa juu ya kitanda cha wanangu lilikuwa limeliwa na kutu. Nikamwendea mwenye nyumba, mtu wa umri wa baba yangu, nikamwamkia shikamoo na kumweleza. Akaniitikia marahaba, akaahidi fundi siku ya Jumamosi. Jumamosi ikapita, na ya pili, na ya tatu. Tukasogeza kitanda, tukatega beseni, tukazoea kuamka usiku kwenda kulimwaga. Nilipomkumbusha mwezi wa pili, alinijibu: "Kama nyumba yangu imekushinda, hama."

Nihame niende wapi? Kodi ya mwaka mzima nilikwisha kumkabidhi, na dalali naye alikwisha kula ya mwezi mmoja.

Sisemi kwamba wenye nyumba ni watu wabaya. Mzee yule alikuwa mcha Mungu, na wakati wa Ramadhani alituletea futari. Lakini mtu aliyekwisha kulipwa miezi 12 kabla ya wakati hana kinachomsukuma kupanda juu ya paa. Kila wiki anayochelewesha, bei ya bati inabaki mfukoni mwake, na maji yanabaki kwetu. Wewe msomaji, ungemlipa fundi fedha zote kabla hajashika mwiko?

Wapo wasemao kwamba mpangaji hana haki, ana hisani tu. Si kweli. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 88, inamfunga mwenye nyumba kwa ahadi ambazo huhesabiwa kuwamo katika mkataba hata kama hazikuandikwa. Mojawapo ni hii: anapopangisha sehemu tu ya jengo, ni juu yake kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na njia za pamoja. Hao ndio sisi hasa, watu wa vyumba viwili viwili na ua mmoja. Tena sheria ya mwaka 2002 iliunda Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya ili yasikilize migogoro kama hii.

Ila haki iliyo kitabuni haizibi tundu. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, pande mbili zikaachwa zipatane zenyewe, kana kwamba mwenye njaa na mwenye chungu hupatana wakiwa sawa.

Na lawama nyingine ni yetu. Tunalipa bila kudai stakabadhi, tunalalamika kwa mdomo, kisha tunanong'onezana uani. Tulikuwa familia tano chini ya paa lile, na kila mmoja alikwenda kulia peke yake. Mwezi wa tatu niliandika barua, majirani wote wanne wakatia saini, nakala moja tukampelekea mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Fundi alikuja wiki ile ile. Kazi yenyewe ilikuwa bati moja na misumari michache. Kabla ya adhuhuri ilikwisha.

Miezi mitatu watoto wasilale, kwa kazi ya asubuhi moja! Ndiyo maana nasema kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, na sheria iseme hivyo waziwazi. Nyumba ni mali ya mwenyewe, sibishi. Lakini aliyepokea kodi ya nyumba amepokea na paa lake, likiwa zima au likiwa linavuja.