UKUMBI WA WAZAZI: Mtoto Atakaye Udaktari wa Mifugo



Mwezi uliopita niliulizwa masuali matatu na mama mmoja ambaye watoto wake wote wamepita chuoni kwangu. Binti yake yuko kidato cha sita, asoma Kemia, Biolojia na Jiografia, na ameshika neno moja tu, kwamba ataka kusomea udaktari wa mifugo. Mjomba wa binti alipopata khabari alicheka mbele ya watu, akasema: "Miaka kumi na mitatu ya skuli, mwisho wake kushika mikia ya ng'ombe!" Basi mama akaniuliza: Je, kazi hii ina heshima? Je, binti wa Kiislamu aweza kuifanya, na humo mna mbwa na nguruwe? Na yeye, aliyeishia darasa la saba, amsaidie nini mtoto katika maombi ya chuo kikuu? Nimemwomba ruhusa niyajibu hapa, kwani najua si yeye peke yake mwenye masuali haya.

La kwanza sitalikalia sana. Waarabu wana neno lao la mganga wa wanyama, nalo ni baytar. Mwanachuoni mkubwa wa miti ya dawa, aliyezaliwa Malaga katika Andalusia na kufariki Dimishki mwaka 1248, ajulikana hata leo kwa jina la Ibn al-Baytar, yaani mwana wa mganga wa wanyama. Jina hilo halikumpunguzia kitu.

Na mwenye kudhani kazi hii ni mikia ya ng'ombe tu, na atazame karibu na nyumbani. Sotoka iliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikawaacha wafugaji wafe kwa njaa, leo haipo tena duniani. Ilitangazwa mwaka 2011 kuwa imekwisha. Moja katika silaha zilizoimaliza ni chanjo iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenziwe huko Muguga, Kenya. Unguja nayo ilikuwa na mbung'o, na ng'ombe wakifa kwa nagana. Kati ya mwaka 1994 na 1997 walimwagwa kutoka kwenye ndege mbung'o madume zaidi ya milioni 8 waliotiwa mionzi wasiweze kuzaa, majike wakapandwa wasizae, na mbung'o wakatoweka kisiwani. Mbung'o hao walilelewa hapa hapa Tanga. Wangapi katika sisi tupitao njia zile kila siku twalijua hilo?

Nakuja kwenye suali la pili, ambalo ndilo huwafanya wazazi wengi wanong'one.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, mbwa na nguruwe ni najisi nzito. Lakini najisi ni jambo la kuoshwa, si jambo la kukimbiwa. Kikavu kikigusana na kikavu, najisi haihamii. Kukiwa na umajimaji, huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo, na mambo yamekwisha. Daktari huvaa glavu, hubadili nguo, na mwenye udhu wake huutengeneza akasali. Mwuguzi wa hospitali hushika damu na choo kutwa nzima, wala hatujasikia mtu akisema binti yake asiwe mwuguzi kwa ajili ya najisi. Mtume (s.a.w.) ametusimulia khabari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, naye akasamehewa dhambi zake kwa tendo hilo. Ikiwa kumnywesha kuna malipo, kumtibu ni nini?

Tena tutazame Pemba, kisiwa ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishamdhihirikia mtu, ni mara chache mno kupona. Wapemba walifanywa salama kwa kuchanjwa mbwa. Ugonjwa ulitoweka mwaka 2014, ukarudi mwaka 2016 ukaua watu, na kwa kuchanja tena ukatokomezwa mwaka 2018. Ilibidi pawe na mtu wa kumshika yule mbwa. Huyo hakuwa adui wa dini.

Ama kuajiriwa katika shamba la nguruwe, hilo ni suali jingine, na mwenye shahada ana nafasi ya kuchagua aende wapi. Kuku, mbuzi, ng'ombe, punda, ukaguzi wa nyama machinjioni, maabara: kazi ni nyingi. Hiyo nyama tuilayo Idi, aliyeitazama kwamba haina kimeta wala kifua kikuu ni mtu wa elimu hii.

Sasa suali la tatu, nalo ndilo lenye uzito. Mzazi asiyekwenda chuo kikuu hudhani hana la kufanya ila kuomba dua na kutafuta nauli. Dua ni jambo kubwa, lakini ziko kazi ambazo ni za mzazi hasa, na mtoto hawezi kuzifanya peke yake.

Ya kwanza huanza zamani, wala si baada ya mtihani wa kidato cha sita. Shahada ya udaktari wa mifugo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nayo ni masomo ya miaka 5. Nguzo zake ni Kemia na Biolojia. Mtoto aliyeachiwa kukimbia Kemia kidato cha tatu kwa kuwa mwalimu ni mkali, mlango umemfungia hapo, na baba yake atakuja kujua miaka mitatu baadaye. Basi mzazi asiyejua Kemia aweza kujua jambo moja: mtoto amepata ngapi katika Kemia. Aulize kila muhula.

Ya pili ni majina, na hapa niwieni radhi nikirefusha, maana mimi huyaona majina haya kila siku katika daftari langu. Mtoto azaliwa, aitwa Khadija. Cheti cha kuzaliwa chaandikwa Hadija. Mwalimu wa darasa la kwanza aandika Hadija Athumani, kidato cha nne aandika Khadija Othman, na babu yake katika kitambulisho ni Othmani Saidi. Kwetu sisi huyo ni mtoto mmoja. Kwa mashine ya maombi, hao ni watoto watatu. Cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA kwa walio bara, na Zanzibar wana ofisi yao. Jina lisilolingana na la vyeti vya skuli hurudishwa, na muhula wa maombi hausubiri mtu. Marekebisho, au kiapo mbele ya wakili, hutaka siku na gharama. Ewe mzazi, toa vyeti vyote leo usiku, uviweke juu ya mkeka, usome jina kwa jina, herufi kwa herufi. Aliyefiwa na mzazi awe na cheti cha kifo, maana nacho hutakiwa katika maombi ya mkopo. Kazi hii haihitaji shahada, yataka taa na subira.

Ya tatu ni fedha. Wengi wetu hatuwezi kulipa miaka mitano mfukoni, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ipo kwa ajili hiyo. Walio Unguja na Pemba wana bodi yao pia. Najua wazazi waliokataa mkopo kwa kuchelea riba, khasa ile asilimia 6 ya kila mwaka iliyoitwa ya kulinda thamani ya fedha. Ijulikane kwamba hiyo iliondolewa mwaka 2021. Lakini masharti husomwa kila mwaka kabla ya kutia sahihi, na mwenye shaka amwendee mwanachuoni na karatasi yenyewe mkononi, si kwa khabari ya barazani. Fomu ya mkopo hutaka mdhamini na sahihi ya serikali ya mtaa. Mzazi ndiye wa kumtafuta mdhamini, tena mapema, kwani ndugu aliyeahidi harusini huwa hapatikani siku ya kutia sahihi.

Ya nne ni ngumu kuliko zote: kumwachia mtoto maombi yawe yake. Siku hizi muombaji huomba mwenyewe kwa chuo, kwa njia ya intaneti, na aweza kuomba zaidi ya chuo kimoja. Akikubaliwa mara mbili, hutumiwa namba ya siri katika simu ili athibitishe pale apatakapo. Namjua baba mmoja, mtu mwema, msali, aliyeandikisha simu yake mwenyewe katika maombi ya mwanawe. Kijana alikuwa amekubaliwa Morogoro kusomea mifugo, na mahali pengine kusomea mambo ya dawa. Namba ya siri ikaja kwa baba usiku. Baba akaenda kwa kijana wa kompyuta, akathibitisha ile ya dawa, kisha akamwambia mwanawe: "Nimekuchagulia lililo bora." Kijana akasema, "Sawa, baba." Akaenda. Mwaka mmoja akarudi, hana neno la kusema na mtu. Hivi sasa asomea stashahada ya afya ya mifugo, na baba yake humpelekea pesa kila mwezi, lakini hawajakaa wakalizungumza jambo lile.

Haki ya mzazi kutoa shauri haikanushiki. Lakini shauri hutolewa kabla, uso kwa uso, na mtoto apewe nafasi ya kujibu. Kama mwahofu kwamba moyo wa mtoto ni wa kitoto, mjaribuni. Mpelekeni kwa bwana mifugo wa kata akae naye likizo nzima. Aamke saa tisa ya usiku ng'ombe akishindwa kuzaa, aingize mkono mpaka begani, arudi na harufu ya zizi. Tanga yetu haina upungufu wa ng'ombe wa maziwa. Akirudi akasema hataki tena, mmeokoa miaka mitano. Akirudi akala chakula chake kwa furaha na kusimulia ndama alivyosimama, basi huyo mwacheni aende.

Na mama wa binti ana khofu yake nyingine, ya umbali. Aende Morogoro kabla, aone mabweni, aulize wasichana wa Kiislamu walioko huko jinsi wanavyokaa na kusali. Suruali pana ya kazi, koti refu, buti na ushungi havigombani.

Wala si kila aombaye atapata. Nafasi zina mpaka, na alama zina mpaka. Kwa asiyepata liko jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: Wakala wa Mafunzo ya Mifugo ana vyuo kadhaa, kimoja kiko Buhuri hapa Tanga, vingine Tengeru, Mpwapwa na kwingineko, vyenye kufundisha astashahada na stashahada. Mwenye stashahada nzuri aweza baadaye kuomba shahada. Ieleweke tu kwamba sheria ya mwaka 2003 imeweka Baraza la Veterinari, na mwenye stashahada huandikishwa humo kwa daraja lake, si kwa jina la daktari. Kijana alijue hilo siku ya kwanza, na mjomba wake pia aambiwe.

Mwezi ujao, inshaallah, tutajibu suali la mzazi wa Pangani juu ya mtoto aliyehifadhi juzuu kumi kisha akaziacha.