BUSTANI YA NYUMBANI: Kuuhamisha Mwasumini wa Zamani

Kuhama nyumba ni jambo la kawaida kwetu sisi wafanyakazi wa mjini. Vyombo hupakiwa garini, watoto hufuata. Lakini mwasumini uliopandwa na mama mlangoni, ambao maua yake yamefungwa vikuba vya harusi za mabinti wa nyumba hiyo, utachukuliwaje? Wengi huuacha kwa masikitiko. Wengine huung'oa kwa pupa, ukafa.

Mimi ni mmoja wa hao wa pili. Mwasumini wa marehemu mama yangu niliung'oa katika jua la Januari, nikaupanda na matawi yake yote kwa kuwa niliyaonea huruma. Baada ya wiki mbili ulikuwa kuni. Huruma ile ndiyo iliyouua: jembe lilikwisha kata mizizi mingi, na iliyosalia haikuweza kuyanywesha majani yote yale.

Basi, ndugu msomaji, ngoja mvua zianze, za masika au za vuli. Siku moja kabla ya kazi, mwagilia shina vizuri. Jioni ya pili yake kata matawi bila huruma, ubakize vishina vya sentimita 40 hivi. Chimba mfereji kuuzunguka mmea, sentimita 30 kutoka shinani, kisha uchimbue chini yake. Usikung'ute udongo, lifunge bonge lote kwa gunia.

Shimo jipya liwe tayari, lenye upana mara mbili ya bonge, na udongo wake uchanganywe na samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Panda kwa kina kile kile cha zamani, shindilia kwa kiasi, mwagilia, kisha weka kivuli cha makuti kwa wiki mbili au tatu. Fito za kutambalia zisimikwe siku hiyo hiyo, zisije zikachoma mizizi baadaye.

Mwenye busara huweka akiba. Miezi mitatu kabla ya kuhama, kwaruza gamba la tawi la chini, lilaze, ulifukie, ncha ibaki nje, na udongo usikauke. Likishatoa mizizi, likate, ulipande koponi. Mama akifa safarini, mtoto yupo.

Msimu wa kwanza usidai maua. Ukiona chipukizi moja tu la kijani, shukuru: mlango mpya umepata mwenyeji wake.