"Sijui" Ndiyo Ilishinda Mbio

Wasee, leo nina maoni moja tu: mtu anayejua kusema "sina uhakika" ndiye atajenga mashine za kesho. Si yule mwenye mdomo.

Mcheki Sebastian Thrun, Mjerumani wa roboti. Mwaka 1997, yeye na wenzake waliweka roboti iitwayo Rhino itembeze wageni kwenye makumbusho mjini Bonn. Watu wakaizingira, haioni kuta. Sasa itajuaje iko wapi? Dawa yao: isijifanye inajua. Ishike makisio mengi, yale hayalingani na inachoona yapoteze uzito. Mwaka 2000 wakaonyesha kitu kitamu zaidi: roboti mbili zikikutana zinalinganisha makisio, kila moja inajua vizuri ilipo.

Halafu jangwani. Mwaka 2004, Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliandaa mbio za magari yasiyo na dereva huko Mojave. Hakuna hata moja lilimaliza. Lililofika mbali zaidi lilienda kama kilomita 12. Mwaka 2005, Thrun na timu ya Stanford wakaleta gari lao, Stanley. Leza zake ziliona karibu tu, kwa hivyo zikawa zinafundisha kamera njia inafananaje, kamera nayo ikaangalia mbali. Kilomita 212, chini ya saa 7, zawadi dola milioni 2. Mwaka 2009 akaongoza mradi wa magari hayo pale Google.

Najua mtasema jamaa alikuwa na pesa ya Stanford. Kweli, leza si za bure. Lakini hata timu zingine zilikuwa na leza. Na msingi wa hiyo hesabu ni uwezekano, ile mada ya sekondari wengi huruka. Laptop ya kuazima inatosha kuanza kuijaribu.

Shida huku kwetu tunapima akili kwa kujiamini. Ukisema hujui darasani, unachekwa. Interview, unakosa kazi. Sasa fikiria gari lililolelewa hivyo: limeona kitu barabarani, limeamua ni kivuli, kumbe ni mtoto. Hakuna "pole" itamrudisha.

Kwa hivyo wiki hii ukiulizwa kitu na hujui, sema hujui. Halafu sema utajuaje. Hiyo ya pili ndiyo kazi.