Mlango wa Nyuma Hatuutaki



Kila mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara inaonyesha makato ya nyumba. Ni asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri naye anatoa sawasawa na hiyo, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024. Apataye Sh. 20,000 anakatwa Sh. 300, yaani Sh. 3,600 kwa mwaka. Ubaya au wema wa makato yenyewe tutauacha leo. Tunauliza neno jingine: nyumba hizo zikiisha kujengwa, tutaingilia mlango gani?

Msicheke. Huko New York, Marekani, kampuni ya Extell ilijenga jumba la ghorofa 33 karibu na mto Hudson, mahali paitwapo 40 Riverside Boulevard. Ndani yake zilitiwa nyumba 219 za kuuzia matajiri, zikitazama mto, na nyumba 55 za kupangishia watu wa mishahara midogo, zikitazama barabara. Matajiri wakapewa mlango wa mbele. Wapangaji wakapewa mlango wao mbali, upande wa barabara nyingine. Habari hizo zilipoenea magazetini mwaka 2014, watu waliuita “mlango wa maskini,” na jina hilo likashika dunia nzima.

Sasa, kwa nini kampuni inayouzia matajiri iliwakaribisha maskini? Si kwa huruma. Wakati ule mjenzi aliyetia nyumba za bei nafuu katika jumba lake aliweza kupata ruhusa ya kujenga nafasi kubwa kuliko kanuni ya kawaida, na kusamehewa ushuru kwa miaka mingi. Ushuru uliosamehewa ni mali ya watu wote. Dereva wa basi na mfagiaji wa mji wanauziba pengo lile kwa ushuru wao wenyewe. Basi mtu analipia jumba, kisha akifika mlangoni anaambiwa azunguke nyuma!

Wako waliotetea mambo hayo. Mwaka 2015 nyumba zile 55 zilipotangazwa, maombi zaidi ya 88,000 yaliletwa, yaani kila nyumba iligombewa na watu kama 1,600. Wakasema: mnaona, wenyewe hawajali mlango, wanataka nyumba tu.

Ndugu, maneno hayo tunayajua sana. Ndiyo yale yale ya tajiri wa kiwanda akiombwa kuongeza mshahara. Hukuonyesha kidole getini na kusema, “Tazama, wako mia pale nje wanaoitaka kazi yako kwa mshahara huo huo.” Ni kweli wako. Lakini tangu lini njaa ya mtu wa getini ikawa ushahidi kwamba mshahara unatosha? Mtu aliyenyeshewa ataingia penye paa hata kama ataingilia dirishani. Hiyo ni habari ya mvua, si habari ya dirisha. Vyama vya wafanya kazi vilianzishwa kwa sababu mtu mmoja mwenye shida hawezi kukataa peke yake.

Uingereza nako ni hivyo hivyo. Mwaka huo wa 2014 watu waliandamana mbele ya jumba la One Commercial Street, mashariki ya London. Wenye pesa waliingia kwa ukumbi mzuri kama wa hoteli. Wapangaji wa bei nafuu waliingia kwa mlango wa kando, kichochoroni. Hapo ilitolewa hoja ambayo ina ukweli kidogo, kwa hiyo tutaijibu kwa makini. Walisema ukumbi ule una gharama: karani wa mlangoni, usafi, taa, viti. Wote wakiingia humo, wote watatozwa, na mpangaji wa chini atashindwa. Ati mlango wa pili ni kumsaidia asitozwe sana.

Ni kweli gharama ziko. Lakini nani aliyesema gharama lazima zigawiwe sawa kwa kila kichwa? Zaweza kugawiwa kwa ukubwa wa nyumba, au kwa kodi ambayo kila mtu hulipa. Anayetaka bwawa la kuogelea na chumba cha mazoezi alipie, sisi hatuna neno. Lakini mlango, lifti, ngazi, mahali pa takataka na uwanja wa watoto si anasa. Ndiyo nyumba yenyewe. Na tena, mlango wa pili haujengwi bure. Una saruji yake, ngazi zake, taa zake. Mtu atumiaye pesa zaidi ili asikutane na jirani yake asituambie kwamba anatuwekea akiba.

Lililotuchoma zaidi ni la watoto. Mwaka 2019, katika mtaa wa Lambeth, London, ilijulikana kwamba watoto wa wapangaji wa kodi ndogo walizuiwa kuingia uwanja wa michezo uliokuwa katika makao yao wenyewe. Waliwatazama wenzao wakicheza. Lakini wako hata wazazi walionunua nyumba zao kwa bei kubwa waliolalamika kwamba wao hawakuomba ukuta ule. Kelele zikazidi, uwanja ukafunguliwa. Basi tusidanganywe kwamba kila tajiri anaomba ukuta. Mara nyingi ni mwuzaji anayefikiri ukuta utampandishia bei.

Na New York vile vile, makelele yalizaa sheria. Mwaka 2015 serikali ya jimbo iliandika kwamba jumba linalosamehewa ushuru kwa mpango ule lazima wapangaji wa bei nafuu watumie milango ile ile na sehemu za pamoja zile zile. Lakini sheria haikubomoa milango iliyokwisha kujengwa. Nondo na saruji hazisikii bunge.

Ndiyo maana tunasema mapema. Sheria yetu ya 2024 inataja watu wa aina tatu: apataye chini ya Sh. 20,000 kwa mwezi, apataye kutoka 20,000 mpaka 149,000, na apataye zaidi ya hapo. Kupanga bei kwa mshahara ni haki. Lakini hesabu ya karatasini isigeuke ngazi tatu, lifti tatu na mageti matatu. Nairobi haihitaji kufundishwa jambo hili. Zamani za ukoloni Reli iliweka wafanya kazi wake Waafrika Muthurwa na Makongeni, na wakubwa Wazungu wakakaa kilimani. Na hata leo, wanachama wetu wafanyao kazi za nyumbani wanazijua fleti za watu wakubwa zenye ngazi ya nyuma inayopanda moja kwa moja mpaka jikoni na kwenye kile chumba kidogo cha kulala. Hawahitaji kusimuliwa habari za New York.

Tunataka jambo moja liandikwe katika kila mkataba wa ujenzi unaotumia pesa za makato, au ardhi ya umma, au msamaha wa ushuru: jumba moja, mlango mmoja, lifti zile zile, uwanja mmoja wa watoto. Liandikwe kabla msingi haujachimbwa.

Makatibu wa matawi waliweke jambo hili mbele ya mkutano ujao. Na mwanachama ye yote aliyekwisha kupata nyumba katika miradi hii, au anayefanya kazi ya mjengo huko, atuletee habari ofisini: mlango uko wapi, lifti inatumiwa na nani, takataka zinatupwa wapi, watoto wanacheza wapi. Jina lake halitaandikwa.