Jiwe la Kuta Zetu

Wataalamu hugawa miamba mafungu 3: iliyotokana na ujiuji wa moto uliopoa, iliyojengeka kwa mashapo, na iliyogeuzwa na joto na mgandamizo. Jiwe la kuta kongwe za Lamu na Mombasa ni la fungu la pili. Ni matumbawe, masalia ya viumbe vidogo vya bahari yaliyoshikamana yakawa mwamba.

Jiwe hili lina vitundu. Huvuta unyevu na kuutoa. Ndiyo maana wazee wetu walilipaka chokaa, lipate kupumua. Leo twalifunika kwa saruji. Unyevu hunaswa ndani, na ukuta ukaliwa polepole.

Basi tukarabatipo nyumba za urithi, turejee kwenye chokaa. Amana hii tuwakabidhi wajukuu ingali imesimama, inshallah.