Uwanja wa burudani usiwe mtego wa mchezaji mchanga

Mtu anayerudi nyumbani jioni na kufungua simu ili acheze kadi mtandaoni bila presha ya mashindano, ana haki ya kutarajia mpinzani wa kiwango chake. Mara nyingi hampati. Anaingia uwanja wa burudani na kadi alizookoteza, anakutana na mwenye kadi adimu zilizopangwa kwa ajili ya ubingwa. Dakika chache tu, amekwisha.

Michezo inayolalamikiwa ni kama Hearthstone ya kampuni ya Blizzard na Magic: The Gathering Arena ya Wizards of the Coast, zote za Marekani. Mchezaji hukusanya kadi na kupanga fungu lake, kwa kawaida kadi 30 kwenye Hearthstone na 60 kwenye Arena. Kadi hutoka kwenye pakiti, na pakiti hununuliwa kwa fedha halisi au kwa dhahabu ya mchezoni inayopatikana kwa kucheza. Kuna ngazi ya mashindano, ambako mshindi hupanda na aliyeshindwa hushuka. Kando yake kuna uwanja wa burudani, usio na kupanda wala kushuka.

Wachezaji wengi humlaumu aliyeleta kadi kali kwenye burudani. Lawama hiyo imebisha mlango usio wake. Mwenye kadi kali naye anahitaji mahali pa kuzijaribu bila kupoteza daraja, na hakuna kanuni anayoivunja. Wa kuulizwa ni mwenye mchezo, aliyeandika "burudani" mlangoni kisha akaweka malipo ya ushindi ndani.

Mfano upo wazi. Katika miaka ya mwanzo ya Hearthstone, iliyozinduliwa mwaka 2014, kila ushindi wa mara 3 ulilipa dhahabu 10, na pakiti moja iliuzwa dhahabu 100. Kwa njia hiyo pekee, mchezaji alihitaji kushinda mara 30 ili apate pakiti. Ushindi wa burudani ulihesabiwa sawa na wa mashindano. Nani basi angeacha kadi zake bora nyumbani? Arena nayo ina zawadi za kila siku zinazohesabu ushindi, hadi mara 15, hata nje ya mashindano. Palipo na malipo ya ushindi, watu huja kushinda.

Anayeumia ni mchanga. Hashindi kwa sababu hana kadi, na kadi hazipati kwa sababu hashindi. Njia zinazobaki ni 2: atoe fedha mfukoni au aache mchezo. Kijana aliyenunua bando kwa shida hujikuta akinunua na pakiti, si kwa kupenda, bali kwa kuchoka kupigwa.

Dawa ipo, na kampuni zenyewe zimeshaionja. Mwishoni mwa mwaka 2020 Hearthstone iliachana na hesabu ya ushindi wa mara 3 na kuanza kuzingatia pia muda ambao mtu amecheza. Arena ina kazi za siku zinazolipa kwa kutumia kadi za rangi fulani au kushambulia, hata mchezaji akishindwa. Utaratibu huo ndio ungepaswa kutawala uwanja wote wa burudani: alipwe aliyecheza, na malipo ya ushindi yabaki kwenye mashindano.

La pili ni mizani. Katika Brawl, mojawapo ya aina za mchezo wa Arena, mfumo hutazama uzito wa kadi kiongozi ya kila mchezaji kabla ya kuwakutanisha. Ni wazo zuri, lakini mchezaji haonyeshwi uzito huo. Mfanyabiashara wa mpakani hakubali gunia lake lipimwe kwa mizani iliyomgeuzia mgongo, hata kama ni sahihi. Akisoma namba mwenyewe, hata hasara huipokea bila kinyongo.

Kampuni zinazojali wateja wa kesho zionyeshe mizani hiyo na zibadilishe malipo. Mchezaji mchanga haombi kupewa ushindi wa bure. Anaomba kwamba palipoandikwa burudani, aikute burudani.